Historia ya Utambuzi wa Kangaga Ptisana fraxinea katika Misitu ya Milima ya Afrika Mashariki, 1790–2014

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utambuzi wa kangaga kubwa la misitu ya milima, Ptisana fraxinea, ambalo kwa zaidi ya karne mbili liliandikwa katika vitabu vya botania kwa jina la Marattia fraxinea. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: kwa nini mmea wenye majani marefu kuliko kimo cha mtu, na unaotofautiana waziwazi na makangaga mengine ya msituni, umechukua muda mrefu kiasi hicho kuwekewa mipaka ya kisayansi? Makala yanadai kuwa chanzo kikubwa cha ugumu huo ni desturi ya ukusanyaji wa sampuli. Karatasi ya hebaria ilihifadhi vema sehemu inayobainisha jenasi, yaani vifuko vya spora, lakini ilishindwa kuhifadhi sehemu zinazosaidia kubainisha spishi, hususani kitako cha kikonyo na umbo la jani zima. Kwa hiyo, historia ya jina la kangaga hili ni historia ya kilichobebwa kutoka msituni na kilichoachwa huko. Makala yanahitimisha kwa kutoa mapendekezo kuhusu ukusanyaji wa sampuli na istilahi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Msomaji aliyewahi kupita kando ya kijito katika msitu mnyevu wa Usambara, Uluguru au Udzungwa huenda amekutana na mmea huu bila kuujua kwa jina. Hukaa kivulini, penye udongo usiokauka, na majani yake hujipinda kutoka chini hadi kuziba njia. Si mti, kwa kuwa hauna shina la mbao. Wala si miongoni mwa makangaga madogo yanayoota juu ya magome na mawe. Wataalamu wa botania wanauweka katika familia ya Marattiaceae, mojawapo ya familia kongwe kuliko zote za makangaga. Jamaa zake wa kale, wanaojulikana kwa visukuku vya Psaronius, walikuwa sehemu ya misitu ya kinamasi ya kipindi cha Kaboniferasi, takribani miaka milioni 300 iliyopita.

Historia ya sayansi katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa kiasi kikubwa kuhusu mimea yenye thamani ya kibiashara: mkonge, kahawa, mpira na kwinini. Makangaga hayakuuzwa sokoni, hivyo hayakupewa nafasi katika historia hiyo. Hata hivyo, ni katika mimea ya namna hii ndipo mbinu za kisayansi zinapoweza kuchunguzwa kwa uwazi zaidi, kwa kuwa waliokusanya na walioainisha hawakusukumwa na soko. Walichoamua kubeba na walichoamua kuacha kilitokana na desturi ya taaluma yao yenyewe.

Makala yamegawanyika katika sehemu nane. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inaeleza umbile la mmea na sifa za kuutambua. Sehemu ya tatu hadi ya tano zinafuatilia jina lake kutoka London hadi Amani na Nairobi. Sehemu ya sita ndiyo kiini cha hoja, nayo inajadili tatizo la sampuli. Sehemu ya saba inachambua mabadiliko ya mwaka 2008 na 2014, kisha sehemu ya nane inajadili Kiswahili na utambuzi wa makangaga. Hitimisho linafunga makala.

2.0 Umbile la Mmea na Sifa za Utambuzi

Historia ya utambuzi haiwezi kueleweka bila kwanza kujua nini hasa kinatambuliwa. Ptisana fraxinea ina rizomu nene yenye nyama, iliyosimama au kulala kidogo, inayofanana kwa mbali na jiwe lililofunikwa na udongo. Kutoka hapo hutoka majani machache makubwa ambayo yakikomaa huweza kuzidi meta 2 kwa urefu. Jani hugawanyika mara mbili: uti mkuu hutoa matawi pande mbili, na kila tawi hubeba vijani virefu, vyembamba na vyenye meno kwenye kingo. Pale tawi linapoungana na uti mkuu, na pale kijani kinapoungana na tawi, pana kifundo kilichovimba. Vifundo hivi ni alama muhimu, kwa sababu hata jani lisilo na spora huvionesha.

Alama ya pili iko chini kabisa. Kila kikonyo kinapoungana na rizomu hukumbatiwa na masikio mawili ya nyama, ambayo katika lugha ya botania huitwa stipuli. Jani likizeeka na kuanguka, masikio hayo hubaki, na yakirundikana ndiyo yanayoipa rizomu sura yake ya mafundomafundo. Aidha, masikio hayo hubeba machipukizi yaliyolala. Yakitenganishwa na kuwekwa mahali penye unyevu, huweza kuotesha mmea mpya. Makangaga mengine ya misitu yetu hayana kiungo hiki.

Alama ya tatu ndiyo inayothaminiwa zaidi na wataalamu. Makangaga mengi hubeba vifuko vya spora vilivyojitenga, kila kimoja na ukuta mwembamba na pete ya seli inayokauka kisha kufyatuka na kurusha spora. Katika kangaga tunalolijadili, vifuko vimeungana katika safu mbili na kuwa chombo kimoja kigumu, kinachoitwa sinanjia. Sinanjia huwa na urefu wa milimita chache tu na hukaa juu ya mshipa, karibu na ukingo wa kijani. Ikikomaa hufunguka vipande viwili kama chaza, na kila kifuko hutoa spora zake kupitia ufa ulio upande wa ndani. Hakuna pete wala mfyatuko. Mwaka 1881 mtaalamu wa Kijerumani Karl Goebel aliyagawa makangaga katika makundi mawili kwa kuzingatia namna vifuko vinavyokua: vile vinavyoanza kutokana na seli nyingi na kuwa na ukuta mnene, na vile vinavyoanza kutokana na seli moja na kuwa na ukuta mwembamba. Marattiaceae wako katika kundi la kwanza, na kifuko chao kimoja huweza kuwa na spora nyingi mno ikilinganishwa na spora 64 ambazo ni kawaida ya kundi la pili.

Kutokana na sifa hizi, mmea huu unaweza kutenganishwa na mimea miwili ambayo mara kwa mara huchanganywa nao. Wa kwanza ni Cyathea manniana, kangaga-mti la misitu ileile. Hilo lina shina lililosimama mithili ya mnazi mwembamba, vikonyo vyenye miiba, na vifuko vya spora vilivyokusanyika katika vidonge vya mviringo. Halina masikio kwenye kitako cha kikonyo. Wa pili ni Angiopteris, jenasi ya familia ileile, ambayo kwa asili inafika Madagaska na hupandwa katika bustani za nchi nyingi za joto. Hiyo ina masikio na vifundo vilevile, ila vifuko vyake, japo vimepangwa safu mbili, havikuungana. Kwa kutumia kioo cha kukuzia, tofauti hiyo huonekana mara moja.

Inafaa kuzingatia mapema kuwa kati ya sifa hizo tatu, moja hutosha katika karatasi ya hebaria bila shida, nayo ni sinanjia. Kifundo huweza kuhifadhiwa ikiwa mkusanyaji atakata mahali panapofaa. Masikio hayahifadhiki kwa urahisi, kwa kuwa ni mazito, yana maji na wanga mwingi, na huoza kabla hayajakauka. Tofauti hii ndiyo itakayorejelewa katika sehemu ya sita.

3.0 Jina la Mwaka 1790

Jenasi ya Marattia ilianzishwa mwaka 1788 na Olof Swartz, mtaalamu wa Kiswidi aliyekuwa amekusanya mimea nchini Jamaika. Jina hilo lilimkumbuka Giovanni Francesco Maratti, mwanabotania wa Italia aliyejishughulisha na makangaga. Miaka miwili baadaye, James Edward Smith alichapisha huko London picha na maelezo ya kangaga kutoka visiwa vya Maskarene, mashariki mwa Madagaska, akaliita Marattia fraxinea. Neno fraxinea linatokana na Fraxinus, jina la Kilatini la mti wa Ulaya ambao majani yake yamegawanyika katika vijani virefu vilivyopangwa pande mbili. Kwa maneno mengine, kangaga la visiwa vya Bahari ya Hindi lilitambulishwa kwa wasomaji wa Ulaya kwa kufananishwa na mti waliouona nyumbani kwao.

Smith alikuwa na nafasi ya pekee katika botania ya wakati wake. Mwaka 1784 alikuwa amenunua makusanyo na vitabu vya Carl Linnaeus, na mwaka 1788 alikuwa mwasisi wa Linnean Society ya London. Mwaka 1793 alichapisha pendekezo la kuyapanga makangaga kwa kuzingatia utando unaofunika vifuko vya spora, jambo lililosogeza mbele uainishaji wa makangaga kwa kiasi kikubwa. Pendekezo hilo lilikuwa na matokeo mawili. Kwa upande mmoja, liliwafundisha wataalamu kutazama kwa makini sehemu ndogo za uzazi. Kwa upande mwingine, liliimarisha dhana kwamba kipande cha jani chenye vifuko kinatosha kuwakilisha mmea mzima.

Smith hakuuona mmea huo ukiota katika msitu wake. Alichokuwa nacho ni sampuli iliyokaushwa. Desturi ya kulifunga jina na sampuli moja maalumu ilikuja kuwa sharti la kimataifa baadaye sana, katika kanuni zilizopitishwa kwenye mkutano wa wanabotania uliofanyika Cambridge mwaka 1930. Tangu hapo, swali la nini hasa ni fraxinea limekuwa swali la kurejea kwenye kielelezo cha msingi kilichoko Ulaya. Mmea ulioko Usambara huitwa jina hilo kwa sharti kwamba unafanana vya kutosha na kipande cha jani kutoka Maskarene.

4.0 Karne ya 19: Spishi Iliyopanuka

Katika karne ya 19 sampuli za familia hii ziliongezeka kwa kasi katika hebaria za Ulaya. Zilitoka Afrika Magharibi, kusini mwa Afrika, Asia ya kitropiki na visiwa vya Pasifiki. Wataalamu walikabiliwa na chaguo: ama kuipa kila sampuli iliyotofautiana kidogo jina jipya, ama kuzikusanya zote chini ya majina machache. William Hooker na John Gilbert Baker, katika kazi yao ya Synopsis Filicum iliyochapishwa miaka ya 1860, walichukua njia ya pili. Kwao Marattia fraxinea ilikuwa spishi moja pana iliyoenea kutoka Afrika hadi New Zealand.

Uamuzi huo haupaswi kuhukumiwa kuwa ni uzembe. Ukiweka mezani vipande vya majani kutoka mabara matatu, vyote vikiwa na vijani virefu vyenye meno na sinanjia karibu na ukingo, kufanana kwake kunashinda tofauti zake. Tofauti zilizokuwa nje ya karatasi hazikuwa na sauti. Mathalani, huko New Zealand Wamaori waliujua mmea wao kwa jina la para, wakala rizomu yake yenye wanga na kuupanda karibu na makazi yao. Kwa mtu aliyechimba rizomu, mmea ule ulikuwa na historia na tabia yake. Kwa mtu aliyepokea kijani kilichokauka, ulikuwa fraxinea nyingine.

Kwa upande wa Afrika, Maximilian Kuhn alichapisha Filices Africanae mwaka 1868, kazi iliyojaribu kuorodhesha makangaga yote ya bara hili yaliyojulikana. Kazi kama hizo zilileta nidhamu katika majina, lakini zilirithi pia mipaka ya sampuli zilizotegemewa. Dhana ya spishi pana ilivuka karne na kuingia katika vitabu vilivyotumika Afrika Mashariki.

5.0 Afrika Mashariki: Amani, Berlin na Nairobi

Ukusanyaji wa mimea katika milima ya Tanganyika uliongezeka katika miaka ya 1890 chini ya utawala wa Kijerumani. Carl Holst alikusanya Usambara, na Georg Volkens alikusanya Kilimanjaro. Sampuli zao zilipelekwa Berlin, ambako Adolf Engler aliongoza kazi ya kuchapisha Die Pflanzenwelt Ost-Afrikas mwaka 1895. Sehemu ya makangaga katika kazi hiyo iliandaliwa na Georg Hieronymus. Mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa kibiolojia na kilimo ilianzishwa Amani, katika Usambara Mashariki, na Engler mwenyewe alizuru Usambara mwaka huohuo. Kwa mara ya kwanza msitu na hebaria vilikuwa mahali pamoja. Mtafiti aliweza kutoka nje ya jengo, kutembea kwa muda mfupi hadi kijitoni, na kulinganisha sampuli na mmea unaoishi.

Ukaribu huo haukudumu. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza kazi ya Wajerumani. Chini ya Waingereza, Amani ikawa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, na Peter Greenway akawa mtaalamu wake wa mimea. Mwaka 1950 hebaria ilihamishiwa Nairobi na kuendelea kuwa Hebaria ya Afrika Mashariki. Hatua hiyo ilikuwa na faida za kiutawala, ila iliondoa sampuli kutoka msitu zilikochumwa. Kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, moto uliosababishwa na mabomu uliteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin. Baadhi ya makusanyo yalinusurika, lakini kwa familia nyingi za mimea vielelezo vya msingi vya Afrika Mashariki vilipotea.

Kazi iliyofuata ilikuwa Flora of Tropical East Africa, iliyoandaliwa chini ya usimamizi wa Kew. Sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1952, na ya mwisho mwaka 2012. Kwa jumla ilieleza spishi 12,104 za Kenya, Tanzania na Uganda. Makangaga yalishughulikiwa katika miongo ya mwisho ya mradi. Mwaka 1991 Robert Johns alichapisha orodha ya awali ya makangaga ya Afrika Mashariki ya kitropiki, kisha familia moja baada ya nyingine zikaandikwa kikamilifu. Kwa hiyo mtafiti wa Kitanzania aliyetaka kutambua kangaga katika miaka ya 1970 au 1980 alilazimika kutegemea kazi za maeneo jirani: ile ya Alston kuhusu Afrika Magharibi ya mwaka 1959, au ile ya Schelpe kuhusu eneo la Zambezi ya mwaka 1970.

6.0 Karatasi na Kikonyo: Tatizo la Sampuli

Hoja kuu ya makala haya inahitaji sasa kuwekwa wazi. Karatasi ya kawaida ya hebaria ina urefu wa takribani sentimita 42 na upana wa sentimita 27 au zaidi kidogo. Jani la Ptisana fraxinea huizidi mara nyingi. Mkusanyaji akiwa msituni, huku mvua ikinyesha na mizigo ikisubiri, ana njia tatu. Anaweza kulikata jani vipande na kukausha vyote katika karatasi nyingi zilizopewa namba moja. Anaweza kuchukua tawi moja au sehemu yake na kuandika vipimo vya mengine. Au anaweza kuchukua kipande chenye sinanjia na kuendelea na safari. Njia ya kwanza ni adimu, ya pili hutegemea uangalifu, na ya tatu ndiyo rahisi. Si ajabu basi kwamba wataalamu wa familia hii wamelalamika mara kwa mara kuwa sampuli zake nyingi ni vipande tu.

Matokeo ya desturi hiyo yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kwanza, sifa zinazotegemea mmea mzima zilitoweka katika mjadala. Urefu wa kikonyo ikilinganishwa na bapa la jani, idadi ya matawi, namna jani linavyogawanyika chini na juu, ukubwa na umbo la masikio, rangi ya kikonyo kibichi: yote haya huonekana msituni, na karibu yote hupotea katika kipande. Aidha, kijani cha chini ya jani na kijani cha ncha ya jani lilelile huweza kutofautiana kwa umbo kuliko vijani vya spishi mbili. Mtaalamu asiyejua kipande kilikatwa wapi hawezi kujua anapima tofauti ya spishi au tofauti ya mahali kwenye jani.

Pili, desturi hiyo ilijithibitisha yenyewe. Kwa kuwa vitabu viliandikwa kutokana na vipande, funguo za utambuzi ziliuliza maswali ambayo vipande vingeweza kujibu. Wakusanyaji waliofuata, wakisoma funguo hizo, walichukua vipande vilevile. Hakuna aliyeagizwa kubeba kitako cha kikonyo, kwa sababu hakuna kitabu kilichouliza juu yake katika ngazi ya spishi. Mzunguko huo ulidumu tangu siku za Smith hadi karne ya 20.

Tatu, maarifa ya waliokata jani hayakuandikwa. Lebo za wakati wa ukoloni kwa kawaida hubeba jina la mkusanyaji wa Kizungu, namba, mahali na tarehe. Vijana na wazee waliomwongoza njiani, waliojua kijito kipi kina mmea huo na kama rizomu yake inafaa kwa lolote, kwa kawaida hawatajwi. Lakini wao ndio waliouona mmea mzima, mwaka mzima, ukitoa jani jipya na kuangusha la zamani. Kwa hiyo, kitako cha kikonyo na maarifa ya mwenyeji viliachwa msituni pamoja, na kwa sababu ileile: havikutakiwa na karatasi.

Huenda ikapingwa kwamba sinanjia pekee inatosha, kwa kuwa ndiyo iliyotumika kuitambua familia hii tangu mwanzo. Pingamizi hilo lina ukweli katika ngazi ya jenasi. Hakuna anayeshika kijani chenye sinanjia kutoka Uluguru akadhani ni Cyathea. Lakini swali la wahifadhi wa leo haliishii kwenye jenasi. Wanauliza kama mmea wa Usambara na ule wa Komoro au wa kusini mwa Afrika ni spishi moja. Jibu likiwa ndiyo, upotevu wa msitu mmoja ni upotevu wa sehemu ndogo ya spishi iliyoenea. Jibu likiwa hapana, huenda ni upotevu wa spishi nzima. Katika swali hilo kipande cha jani hakitoshi.

Lipo pia suala la kisheria. Makangaga-miti ya jenasi ya Cyathea yameorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya spishi zilizo hatarini, ilhali Marattiaceae hawamo katika orodha hiyo kwa sababu hiyo. Ofisa anayekagua rizomu au shina lisilo na majani hana sinanjia ya kutazama. Anachoweza kutazama ni masikio, magamba na miiba, yaani zile sehemu ambazo karatasi ya hebaria imezipuuza.

7.0 Mabadiliko ya Mwaka 2008 na 2014

Mwaka 2008 Andrew Murdock alichapisha uchambuzi wa familia nzima uliotumia vinasaba pamoja na umbile. Matokeo yalionesha kuwa Marattia ya zamani haikuwa ukoo mmoja. Mimea ya Amerika ya kitropiki na Hawaii iliunda makundi yake, na mimea ya Afrika, Bahari ya Hindi, Asia na Pasifiki ikaunda kundi lingine. Kwa kuwa jina Marattia limefungwa na mmea wa Jamaika ulioelezwa na Swartz, kundi la pili lilihitaji jina jipya. Murdock aliliita Ptisana, neno la kale linalohusu shayiri iliyokobolewa, kwa sababu sinanjia zake zinafanana na punje za shayiri hiyo. Hivyo ndivyo Marattia fraxinea ilivyokuwa Ptisana fraxinea.

Mabadiliko hayo yanathibitisha hoja ya makala haya kwa pande zote mbili. Jenasi mpya ilipewa jina kutokana na sinanjia, sehemu ileile ambayo karatasi iliihifadhi vema kwa miaka zaidi ya 200. Hapo hebaria ilitimiza wajibu wake. Lakini kubadilika kwa jina la jenasi hakukumaliza swali la spishi. Jina fraxinea lilihamishwa pamoja na upana wake wote wa Kiafrika.

Hatua iliyofuata ilihusu mipaka ya spishi. Mwaka 2014 marejeo ya familia hii katika eneo la magharibi mwa Bahari ya Hindi yalichapishwa katika jarida la Phytotaxa na Bruno Senterre pamoja na wenzake, na ndani yake ilielezwa spishi mpya kutoka Komoro. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki jambo hili lina uzito. Komoro ni visiwa jirani, vyenye uhusiano wa karne nyingi na pwani yetu. Iwapo huko, katika visiwa vidogo vilivyochunguzwa tangu enzi za meli za matanga, spishi ya kangaga lenye majani ya meta kadhaa ilisubiri hadi karne ya 21 ndipo ielezwe, basi hatuna sababu ya kuamini kuwa milima ya bara imekwisha kusomwa.

8.0 Kiswahili na Utambuzi wa Makangaga

Neno kangaga katika Kiswahili hutumika kwa mimea mingi ya kundi hili, bila kutenga spishi. Greenway alipochapisha kamusi yake ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka 1937, na toleo la pili mwaka 1940, aliweka msingi wa kuunganisha majina ya wenyeji na ya Kilatini. Hata hivyo, lugha ya pwani haikuwa na sababu ya kuyapa majina makangaga ya milimani. Majina hayo ni mali ya lugha za wakazi wa milima, kama vile Kisambaa, Kichaga na Kiluguru.

Kutokana na hali hiyo, makala haya yanapendekeza istilahi ya muda, kangaga-masikio, kwa ajili ya jenasi ya Ptisana katika maandishi ya Kiswahili. Jina kangaga-shayiri lingekuwa tafsiri ya karibu zaidi ya neno Ptisana, lakini lingemlazimu mlinzi wa msitu kutafuta kioo cha kukuzia ili alielewe. Masikio huonekana kwa macho na kuguswa kwa mkono, na yapo mwaka mzima, hata wakati ambapo hakuna jani lenye spora. Istilahi hiyo itumike pamoja na majina ya lugha za wenyeji, isichukue nafasi yake.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa ugumu wa kuitambua Ptisana fraxinea haukutokana na kufichika kwa mmea. Ulitokana na pengo kati ya ukubwa wa mmea na ukubwa wa karatasi. Sehemu iliyotosha karatasini ilijenga jenasi imara, na sehemu isiyotosha ikaiacha spishi bila mipaka kwa zaidi ya karne mbili. Uhamisho wa hebaria kutoka Amani, moto wa Berlin na kuchelewa kuchapishwa kwa sehemu za makangaga viliongeza ugumu huo, lakini havikuuanzisha.

Kwa kuzingatia matokeo hayo, mapendekezo matatu yanatolewa. Mosi, watafiti wanaokusanya familia hii wahifadhi kila mara sikio moja la kikonyo, likikatwa vipande vyembamba ili likauke, pamoja na picha ya jani zima, vipimo vyake na kipande kilichokaushwa kwa ajili ya vinasaba. Kwa kuwa sikio lililobaki kwenye rizomu linaweza kuchipua, uchukuaji huo ukifanywa kwa kiasi hauuui mmea. Pili, lebo za sampuli zitaje jina la mmea katika lugha ya mahali pamoja na, kwa idhini yao, majina ya walioongoza njia. Tatu, sampuli pacha zibaki katika hebaria za nchini, zikiwemo ile ya taifa iliyoko Arusha na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ili mwanafunzi wa baadaye asilazimike kuvuka mipaka kutafuta jani lililokatwa katika kijito cha kwao.